Kompyuta Kuukuu, Jicho la Mlangoni na Sitara ya Nyumba

Ziko nyumba mjini Mbinga, na vivyo hivyo katika mwambao wa Ziwa Nyasa kuanzia Lituhi hadi Liuli na Mbamba Bay, ambamo kompyuta ya mezani ya miaka kumi na zaidi iliyopita imefunikwa kitambaa pembeni mwa sebule. Haitupwi kwa sababu iligharimu fedha, na haitumiki kwa sababu simu imezichukua kazi zake. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilihitimisha huduma yake ya kawaida kwa Windows 10, na kompyuta nyingi za umri huo haziwezi kupokea toleo linalofuata. Hivyo chombo kinachowaka vizuri kinahesabiwa kuwa kimekufa.

Katika nyumba hizo hizo mna haja ya ulinzi. Mkulima wa Mbinga, ifikapo miezi ya kati ya mwaka, huanika kahawa yake uani na kulala usingizi wa mang'amung'amu, kwa kuwa jasho la mwaka mzima limelala nje. Mvuvi wa mwambaoni huibeba mashine ya boti begani kila jioni na kuiingiza ndani, maana nyavu zikipotea zitashonwa nyingine, lakini mashine ikipotea safari zimekwisha. Mwenye duka naye ana hofu yake.

Swali linalozaliwa na mambo haya mawili ni jepesi kulitamka: je, kompyuta ile kuukuu haiwezi kugeuzwa kuwa mlinzi, ikapokea picha za kamera na kuzihifadhi? Jawabu letu ni kwamba yaweza, na vizuri. Lakini faida yake haiko pale watu wengi wanapoidhania. Wengi hudhani faida ni kuwa haina gharama. Tutaonyesha kuwa gharama ipo, tena si ndogo. Faida yake ya kweli ni nyingine: picha za nyumba hubaki ndani ya nyumba. Na kwa sababu zinabaki ndani, amana yote ya picha hizo inamwangukia mwenye nyumba.

Chombo na kazi yake

Programu inayofanya kazi hii si ngeni. Mojawapo ya zile za zamani na mashuhuri ni ZoneMinder, iliyoanzishwa mwaka 2002 na Mwingereza aitwaye Philip Coombes. Kisa chake kina mafunzo. Banda lake la gari lilivunjwa na zana zake za umeme zikaibwa. Kwanza akaweka makufuli yaliyo bora zaidi. Kisha ndipo alipofikiria kamera, na kwa kuwa hakupata programu iliyomridhisha, akaandika yake na kuiachia watu waitumie bila malipo. Tuuzingatie mpangilio huo: kufuli kwanza, kamera baadaye. Kamera haimshiki mwizi mkono. Inasimulia tu alivyoingia, na aghalabu husimulia asubuhi. Nyumba yenye mlango dhaifu, isiyo na taa uani wala ujirani mwema, haitaokolewa na kamera. Hadithi mashuhuri iliyopokewa na Tirmidhi, ya bedui aliyeelekezwa amfunge ngamia wake kisha ategemee kwa Allah, inaanza na kamba.

Kwa anayetaka kuendelea, mambo ya kuangalia ni haya. Kwanza, kompyuta iwe ya biti 64. Mfumo huria wa Debian, ambao unafaa sana kwa kazi hii, umeacha kutoa njia ya kuusimika katika kompyuta za biti 32 tangu toleo lake la 13 la Agosti 2025. Kompyuta nyingi zilizotengenezwa baada ya mwaka 2008 zinatimiza sharti hilo. Memori ya gigabaiti 4 inatosha kwa kamera mbili au tatu. Ifunguliwe ikiwa imechomolewa kabisa, na vumbi jekundu la kiangazi liondolewe kwa brashi laini, hasa kwenye feni. Kompyuta itakayowaka usiku na mchana haiwezi kupumua kupitia tabaka la udongo.

Pili, ibadilishwe ile betri ndogo mviringo iliyo kwenye ubao wa ndani, yenye umbo la sarafu. Betri hiyo ndiyo inayoitunzia kompyuta saa na tarehe umeme unapokatika. Ikiwa imekufa, na nyumba haina intaneti ya kuirekebisha saa, picha ya wizi wa leo itaandikwa kuwa ni ya miaka mingi iliyopita, na ushahidi wake utakuwa wenye mashaka.

Tatu, ifutwe yote kabla ya kusimikwa mfumo mpya. Kompyuta kuukuu aghalabu imepitia mikono mingi: ofisi, shule, duka la steshenari. Ndani yake huenda mmebaki picha za harusi za watu, barua zao na matokeo ya watoto wao. Aliyeinunua amenunua chombo, hakununua siri zilizosahauliwa ndani yake. Asizitazame, azifute.

Nne, kamera zichaguliwe zile zinazofuata kanuni ya pamoja ya ONVIF, iliyoasisiwa mwaka 2008 ili vifaa vya watengenezaji mbalimbali viweze kusemezana. Kamera ya namna hiyo haimfungi mnunuzi kwenye programu ya kampuni moja. Ni bora iunganishwe kwa kebo kuliko kwa mawimbi, kwani kebo moja yaweza kufika mita 100, umbali unaotosha kutoka sebuleni hadi lango la uani au banda la kahawa. Na hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui: mpango huu wote hauhitaji intaneti wala bando. Ruta isiyo na bando huendelea kuviunganisha vifaa vya ndani ya nyumba, na mama aliye jikoni aweza kutazama lango kwa simu yake bila kutumia hata megabaiti moja ya kununua.

Tano, kompyuta dhaifu isibebeshwe kazi mbili. Kamera nyingi hutoa picha za namna mbili kwa wakati mmoja, kubwa na ndogo. Ile kubwa iandikwe kwenye diski kama ilivyokuja, bila kuchakatwa upya. Ile ndogo itumike kuchunguza kama kuna kinachotembea. Kwa njia hii hata kompyuta ya zamani huimudu kazi bila kuchemka.

Hesabu ya diski nayo ni nyepesi. Kamera inayotoa megabiti 2 kwa sekunde hujaza gigabaiti 21.6 kwa siku. Kamera nne hujaza zaidi ya 86. Diski ya gigabaiti 500 basi itabeba siku tano tu, kisha ianze kufuta za zamani. Lakini ikiagizwa kuandika pale tu panapotokea mwendo, siku hizo tano zaweza kuwa wiki kadhaa.

Mwambaoni kuna adui asiyetajwa katika vitabu vya mafundi. Ni kungu, wale wadudu wadogo wanaoinuka ziwani kama wingu la moshi. Kamera ya usiku hutoa mwanga ambao jicho la binadamu halionikubwa, na kila mdudu apitapo mbele ya kioo huhesabiwa kuwa ni mwendo. Asubuhi mwenye nyumba hukuta mamia ya picha za mabawa. Dawa yake ni kuweka taa ya kawaida mbali kidogo na kamera iwavute wadudu upande huo, kuizima ile taa ya ndani ya kamera, na kuiagiza programu ichunguze eneo la mlango tu badala ya picha nzima. Juu Mbinga shida ni ukungu wa alfajiri, na dawa ni hiyo hiyo ya kulibana eneo la kuchunguzwa.

Gharama isiyoonekana

Sasa tufike kwenye lile neno "bure". Kompyuta ya mezani ya zamani, skrini ikiwa imezimwa, hutumia umeme wa wati 70 hivi. Ikiwaka saa 24 ni uniti 1.68 kwa siku, yaani takriban uniti 50 kwa mwezi. Kwa bei zilizoidhinishwa na EWURA mwaka 2016, mteja wa matumizi madogo hulipa Sh 100 kwa kila uniti mpaka uniti 75, kabla ya kodi na tozo, na kila uniti inayozidi hapo ni Sh 350. Mteja wa kundi la kawaida hulipa Sh 292 kwa uniti.

Tuchukue familia inayotumia uniti 45 kwa mwezi. Hulipa Sh 4,500. Ikiongeza kompyuta hii inafika uniti 95: zile 75 za mwanzo ni Sh 7,500, na 20 zilizozidi ni Sh 7,000, jumla Sh 14,500. Na familia hiyo ikihamishiwa kundi la kawaida kwa sababu ya kuzidisha, uniti hizo 95 zitakuwa Sh 27,740. Mlinzi wa bure amekwisha kuizidisha gharama ya umeme zaidi ya mara sita. Kijisanduku kipya cha kurekodia kamera, kinachotumia wati 15 hivi, hakizidi uniti 11 kwa mwezi. Baada ya mwaka au miaka miwili, tofauti hiyo ya umeme yaweza kuwa imetosha kukinunua.

Hatusemi hivi ili kuwakatisha tamaa wasomaji wetu. Twasema ili hesabu ifanywe kabla, kwa kuwa israfu ya polepole ni israfu vilevile. Ziko njia za kuipunguza. Kompyuta iagizwe kuwaka magharibi na kuzima asubuhi, na uniti 50 zitakuwa 25. Zitolewe ndani yake kadi ya michezo na kisoma sidii, ambavyo havina kazi tena. Au itumike laputopu kuukuu, hata iliyovunjika skrini, kwani hutumia umeme mdogo zaidi, na betri yake, ikiwa bado nzima, huivusha umeme unapokatika. Aliye na kompyuta ya mezani aiwekee kifaa cha akiba ya umeme, na katika mpangilio wa ndani aiamuru iwake yenyewe umeme urudipo. La sivyo, mlinzi atalala pale pale giza lilipoingia, nayo ndiyo saa anayoingojea mwizi.

Picha hukaa wapi?

Ikiwa gharama iko hivyo, kwa nini mtu asinunue tu kamera ndogo ya bei nafuu inayofungwa kwa simu na kumalizika kwa dakika kumi? Hapa ndipo tunapofika kwenye kiini cha maneno yetu. Nyingi kati ya kamera hizo huzipeleka picha kwenye kompyuta za kampuni zilizo ng'ambo, kisha simu huzifuata huko. Mwenye nyumba huona uani kwake akadhani anachungulia dirishani, ilhali picha imekwisha kuzunguka dunia ikarudi, na mahali ilipopita wapo watu.

Hili si jambo la kudhaniwa. Mei 2023 Tume ya Biashara ya Marekani iliishitaki Ring, kampuni ya kamera za nyumbani inayomilikiwa na Amazon, ikieleza kuwa mwaka 2017 mfanyakazi mmoja alitazama kwa miezi kadhaa maelfu ya video za wateja wanawake, zikiwemo za kamera zilizowekwa katika sehemu za faragha za nyumba zao. Kampuni ilikubali kulipa dola milioni 5.8. Na mwaka 2016 kirusi kilichoitwa Mirai kilivamia maelfu kwa maelfu ya kamera na vifaa vya kurekodia duniani, kwa sababu tu wenyewe waliviacha na nywila za kiwandani. Waliofunga kamera zile walitaka ulinzi; wakawafungulia mlango watu wasiowajua.

Kompyuta kuukuu iliyofungwa ndani, isiyounganishwa na intaneti, haina mlango huo. Hiyo ndiyo thamani yake, na kwa familia inayoijali sitara, thamani hiyo yaweza kuzidi tofauti ya umeme tuliyoihesabu.

Lakini hatari haitoki ng'ambo peke yake. Mume aweza kuwa mpelelezi wa mkewe, mzazi wa bintiye, kijana wa jirani zao. Aya ya 12 ya Suratul Hujurat imewakataza waumini kupelelezana, wala haikusema kuwa upelelezi ndani ya familia ni halali. Suratun Nur, katika aya ya 27, imeamrisha kuomba idhini kabla ya kuingia nyumba za wengine. Na katika aya ya 58 ikataja nyakati tatu za faragha ambazo hata watoto wa nyumba hiyo hiyo wanapaswa kubisha hodi: kabla ya Alfajiri, adhuhuri watu wanapopumzika, na baada ya Isha. Na Bukhari na Muslim wamepokea kisa cha mtu aliyechungulia tundu la chumba cha Mtume (s.a.w.), naye akambainishia kuwa idhini imewekwa kwa sababu ya jicho. Ikiwa jicho la nyama na damu linahitaji hodi, jicho la kioo lisilopepesa wala kusahau halina udhuru.

Kutokana na hayo twaona mipaka ifuatayo iwekwe kabla kamera ya kwanza haijapigiliwa ukutani.

Kamera itazame milango na mali, isitazame maisha. Lango, banda la kahawa, mahali pa mashine ya boti na mlango wa duka panatosha. Isiwekwe chumba cha kulala, wala bafuni, wala ua wa ndani ambamo wanawake wa nyumba hutembea bila kujifunika.

Isivuke uzio. Katika Mbinga na Nyasa jirani zetu wengi ni Wakristo, na haki ya jirani haiulizi dini yake. Ikiwa picha inaugusa ua wake, programu nyingi, ikiwemo ile tuliyoitaja, huruhusu kulifunika eneo hilo kwa weusi. Yafaa zaidi aitwe aone mwenyewe kinachoonekana kwenye skrini. Jirani aliyeridhika ni mlinzi wa pili. Jirani aliyechunguzwa ni adui mpya.

Sauti izimwe. Kamera nyingi zina kipaza sauti, na mwizi hatambuliwi kwa mazungumzo ya wageni barazani. Bukhari amepokea kwa Ibn Abbas onyo kali kwa anayesikiliza maneno ya watu wasiotaka awasikie.

Wote waambiwe. Mke, watoto, msaidizi wa kazi na wageni wanaolala wajue kamera iko wapi na inaona nini. Nywila wawe nayo mume na mke pamoja, asiachiwe fundi. Fundi akimaliza kazi, nywila ibadilishwe siku hiyo hiyo, kwa heshima na bila kumtuhumu.

Picha zifutwe kwa wakati. Wiki mbili zatosha kwa nyumba nyingi. Kuhifadhi mwaka mzima wa maisha ya watu bila sababu ni kubeba mzigo usio na malipo. Na picha ya mtu aliyejikwaa langoni, au ya mgeni aliyeingia kwa siri ya haja yake, isipelekwe kwenye makundi ya simu ili watu wacheke.

Sheria za nchi nazo haziko kimya. Ibara ya 16 ya Katiba inalinda faragha ya mtu na maskani yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, imeunda Tume ya kuisimamia, na mwenye duka, nyumba ya wageni au madrasa anayerekodi watu yampasa kuijua zaidi ya mwenye nyumba. Wizi ukitokea, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 imeruhusu ushahidi wa kielektroniki mahakamani, lakini uzito wake hupimwa pia kwa namna ulivyotunzwa. Kwa hiyo picha ipelekwe polisi kama ilivyo, na nakala yake ibaki. Asihukumiwe kijana wa watu kwa sura iliyofifia kwenye skrini, kisha kundi likamwendea kwa mawe. Damu iliyomwagwa kwa dhana hairudishwi na rekodi yoyote.

Kabla ya kukifunua kile kitambaa sebuleni, basi, familia ikae pamoja na kujiuliza: tunalinda nini, umeme wake tutaumudu, na nani atakuwa na haki ya kutazama? Nyumba itakayojibu maswali hayo matatu kwa kuridhiana inaweza kuiwasha kompyuta yake kuukuu kwa moyo mkunjufu. Ile isiyoweza, na inunue kufuli jipya na taa ya uani, nayo itakuwa imejilinda.

Wabillahi tawfiq.